Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Mume wangu Muksini alikuwa mtu wa kwanza hapa Kyela mjini kujua mambo ya dunia, na wa mwisho kujua ya nyumbani kwake. Bei ya mafuta huko Uarabuni aliijua. Kwamba mlango wetu wa uani umeng'oka bawaba tangu Ramadhani, hilo aliambiwa na mgeni aliyeangukiwa nao. Simsemi kwa ubaya. Nimekaa naye miaka mingi, na mtu usiyempenda humvumilii hivyo. Lakini nikisikia watu wanasema Muksini ni bingwa wa matangazo, ulimi huniwasha, maana nami nilikuwepo.

Jina langu ni Habiba. Nalisema mapema kwa sababu utalisikia mara chache. Tangu tumpate binti yetu Pili, mji mzima unaniita Mama Pili, na aliyeanza ni mume wangu. Kazi yangu ni vitumbua. Naloweka mchele, nausaga, unga naumimina kwenye chungu cha wafinyanzi wa Ikombe uumuke, na asubuhi nawasha jiko nyuma ya maduka, kwenye kichochoro kinachotoka sokoni kwenda mashine ya kukoboa mpunga. Kichochoro hicho usikisahau, tutakirudia.

Kazi ya Muksini ilikuwa ubao. Ulianza mwaka sabini na tisa, wakati wa vita na Uganda. Betri za redio zilikuwa adimu, na Muksini alikuwa nazo nne, ambazo alizianika juani kila siku kama usipa, dagaa wetu wa ziwani. Alisikiliza taarifa ya habari, akaiandika kwa chaki kwenye ubao uliosahauliwa na darasa la kisomo cha watu wazima, akautundika kwenye baraza ya duka la Mzee Abdulwahab. Watu wakaja kusoma vita. Vita vikaisha, ubao ukabaki. Mzee Abdulwahab, ambaye ana moyo mzuri na mdomo wa kulalamika, aliona kwamba anayesimama kusoma hununua japo kiberiti, basi akamwajiri Muksini atunze ghala na aandike ubao. Mimi naamini kazi ilikuwa ghala. Muksini aliamini ghala ni kitu kilichowekwa duniani kumsumbua mwandishi.

Na aliandika kama mtu anayesomwa na taifa zima. Meli ikichelewa bandarini Itungi, aliandika: MELI IMECHELEWA. SABABU: HAIJAFIKA. Ng'ombe akipotea Ngonga: ALIONEKANA MARA YA MWISHO AKIWA HAI. Lakini mtu akifariki, aliandika jina, ukoo, kijiji na saa ya maziko, na hapo, nisimvunjie heshima, hakuwahi kukosea hata herufi moja. Watu walipitia ubao kwanza, chai baadaye. Alilijua hilo, na mwendo wake ulionyesha kwamba analijua.

Kwa ajili ya wasomaji Mzee Abdulwahab aliweka benchi. Wasomaji wakazeeka nalo. Mwaka tisini na sita, ambao ndio mwaka wa mambo haya, benchi lilikuwa na wenyewe: Mzee Ezroni, mwenye mashamba ya mpunga Makwale na nyumba hapa mjini, pamoja na wazee watatu wa rika lake. Walifika saa mbili asubuhi, wakasoma, wakabishana, wakaenda kula adhuhuri, kisha wakarudi kuhakikisha kama habari haijabadilika.

Zamani ubao haukuwa na shida ya matangazo. Enzi za uhaba duka halikutafuta mteja. Muksini akiandika SABUNI IPO, baada ya nusu saa alifuta na kuandika SABUNI ILIKUWEPO. Kisha kikaja kipindi cha ruksa, biashara ikafunguliwa, na sabuni zikatumiminikia: za Dar, za Kenya, za Malawi zilizovuka mpaka, za mche, za unga, na zile zinazonukia kama bibi harusi. Sasa sabuni ndiyo ikawa inamtafuta mtu. Mzee Abdulwahab akapewa uwakala wa sabuni mpya iitwayo Maua Matano, wilaya nzima, na ghala likajaa makatoni mpaka Muksini akakosa pa kuweka kiti chake cha kufikiria. Akaandika tangazo:

SABUNI YA MAUA MATANO. INATOA POVU. IMEKUBALIWA NA WAZEE WANNE WA BENCHI.

Nikamuuliza, "Baba Pili, wazee wale wanafua?"

Akasema hawafui, ila wana hadhi.

Miezi miwili ikapita na makatoni yapo pale pale. Mwanzoni mwa mwezi wa sita, watu wakiwa wamevuna mpunga na mifuko haijakauka, Mzee Abdulwahab alimwita Muksini kaunta.

"Mwanangu," akamwambia, "sabuni anafulia mwanamke, na hapa dukani sioni mwanamke. Aliyenipa mzigo amesema mwisho wa mwezi huu asipoona umetoka, uwakala anampa mwingine. Na mimi uwakala ukinitoka, ubao naushusha. Pale ukutani natoboa tundu la waya, naweka friji ya soda. Soda haiombi chaki."

Muksini alirudi nyumbani amenyauka. Hakugusa wali, na wali wa mchele wa Kyela mtu hauachi hivi hivi. Nilimwonea huruma kwelikweli. Bila ubao angekuwa mtunza ghala tu, tena mbaya, na nilijua hilo lingemuua taratibu. Kwa hiyo nikamwambia kinachofukuza wanawake. Sikusubiri kuulizwa. Nikamwambia tena siku ya pili, na siku ya tatu nikambana akipiga mswaki, wakati ambao hawezi kujibu.

Nilichomwambia ni hiki. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Si chuki. Ni heshima, tena heshima nzito. Akimwona mbele anaacha njia, anainama, anaingia migombani mpaka mzee apite, na jina lake halitaji. Na wazee wa rika la baba mkwe nao ni wakwe vilevile. Sasa Mzee Ezroni peke yake ana wake wa watoto watano, na wenzake watatu kila mmoja ana wake wa watoto wake. Ukiongeza ndugu na majirani, unakuta nusu ya wanawake walioolewa hapa mjini hawawezi kukanyaga mbele ya benchi lile. Wanapita wapi? Wanapita kichochoroni, kwenye jiko langu. Ndiyo maana vitumbua vyangu huisha saa tatu. Ndiyo maana pia Nancy, mfanyabiashara mwenye dada zake ng'ambo ya mpaka, alitandika gunia lake kando ya jiko langu, akawa anauza sabuni ya Malawi kwa vipande, bila ubao wala chaki.

Mimi na Muksini asili yetu ni pwani, na kwetu mkwe unambusu mkono. Lakini wote wawili tumezaliwa hapa hapa Kyela. Tofauti ni kwamba mimi nilikua na macho wazi, yeye alikua na redio sikioni.

"Mama Pili," akanijibu alipokwisha kutema povu, "wewe karai unalijua, sikatai. Matangazo ni taaluma."

Nikarudi kwenye mchele wangu. Sikio la mume lina mlango wake, na ufunguo hawapewi wake.

Wiki hiyo hiyo akashuka mgeni. Aliitwa Naomi, msichana mrefu, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, na alibeba barua yenye mihuri miwili, saa kubwa ya mkononi na rundo la karatasi za maswali alizoziita hojaji. Alitueleza vizuri tu. Magazeti mapya yanazaliwa kila mwezi, redio za watu binafsi zimeanza, na wenye bidhaa wanamwaga matangazo kama mtu anayetupia kuku mchele gizani. Mwalimu wake chuoni anataka kujua watu wa miji midogo wanapata habari wapi na nani hasa anaziona, ili wanaoandika na wanaotangaza waache kubahatisha na wabuni njia mpya.

Muksini alisikia "chuo kikuu" tu. Alivaa koti, na mwezi wa sita Kyela haumwombi mtu koti.

"Nilijua ipo siku watakuja," akaniambia huku akijifunga kifungo. Sikumwambia kwamba binti aliuona ubao kwa bahati, wakati anauliza njia ya nyumba ya wageni.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Naomi aliweka kigoda upande wa pili wa barabara, akaukodolea ubao macho, na kila nusu saa akaandika nani amesimama kusoma, mwanamume au mwanamke, na kwa muda gani. Katikati ya hesabu aliuliza maswali, na kila aliyejibu alimpa namba badala ya jina. Namba moja, kwa heshima ya umri, akawa Mzee Ezroni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndaga, asante, mwanangu, karibu."

"Mzee, kwa siku unakaa hapa kwa saa ngapi?"

"Mpaka nichoke," akasema Mzee Ezroni kwa furaha. "Na kuchoka sichoki."

"Na shughuli zako ni zipi?"

Mzee Ezroni akawatazama wenzake. Akaitazama saa ya yule binti, akaitazama mihuri. Wenzake nao wakaitazama. Mwaka themanini na tatu kulikuwa na Nguvu Kazi: aliyekutwa mjini hana shughuli ya kuonyesha alipakiwa kwenye gari akapelekwa kulima. Mmoja wa wazee hao alipakiwa akiwa amesimama anamsubiri kinyozi, na alirudi baada ya miezi minne, nywele zikiwa zinamfika mabegani. Mambo kama hayo mtu hasahau. Sasa amekuja binti wa serikali, kwa macho yao, anapima kwa saa muda ambao mtu amekaa.

"Shughuli ninazo," akasema Mzee Ezroni taratibu. "Hapa napumzika tu."

Kesho yake benchi lilikuwa tupu.

Nalikumbuka benchi lile, maana sikuwa nimewahi kuziona mbao zake. Habari zikatufikia kwamba Mzee Ezroni yuko Makwale, amevua shati, anapiga mpunga. Mkewe aliita majirani waje washuhudie, akihofia kwamba akisimulia baadaye hataaminiwa. Wenzake watatu nao walitawanyika mashambani, na mmoja, nasikia, alilima mahali ambapo palikuwa pamekwisha kuvunwa.

Mnamo saa nne akaja Tusekile kichochoroni. Tusekile ni mke wa mtoto wa pili wa Mzee Ezroni, mama wa watoto watatu, na anacheka kwa mwili mzima. Alikuwa na beseni la mpunga kichwani, anaelekea mashineni. Akachungulia kwenye pembe ya duka, akarudi nyuma, akachungulia tena.

"Mama Pili, ugonile," akanisalimu. "Ati, yule hayupo?"

"Yuko Makwale. Anapiga mpunga."

"Anapiga mpunga?"

"Anapiga."

Akatua beseni. Akazunguka pembe kwa hatua ndogondogo, akasimama mbele ya ubao alioolewa akaukuta na ambao hakuwahi kuusoma. Akasoma meli, akasoma ng'ombe, akasoma msiba wa Ngonga, akasema pole. Kisha akafika kwenye sabuni. Kicheko chake nilikisikia nikiwa jikoni.

"Wazee wanne wamekubali povu," akawaambia wanawake wenzake kichochoroni aliporudi. "Wao wamefulia nini?"

Wakaenda kujionea. Wakaenda kumi, wakaenda ishirini, na wale waliotoka mashineni wakapitia huko wakiwa na vumbi la pumba usoni. Walisoma, wakacheka, na kwa kuwa wamekwisha kufika mlangoni, wakaingia. Sabuni yenyewe, niseme haki, ilikuwa nzuri na ilinukia. Kufika jioni Mzee Abdulwahab aliagiza katoni zitolewe ghalani mara tatu, na mara ya tatu alisahau kulalamika. Siku ya pili ikawa vile vile.

Muksini alikuja nyumbani amejaa kama tairi.

"Unaona nguvu ya kalamu?" akasema. "Ile herufi ya kwanza, ile S ya sabuni. Juzi niliirefusha mkia. Watu hawajui kilichowavuta, lakini mimi najua."

"Mkia," nikasema.

"Mkia, Mama Pili. Taaluma ni vitu vidogo."

Aliyekuwa hana furaha ni Naomi. Alikuja jikoni kwangu siku hiyo ya pili, akala vitumbua vitano, kisha akanionyesha karatasi yake yenye vijistari.

"Mama, hesabu zangu zimeharibika. Siku ya kwanza wanaume wengi na wanawake wawili tu, na hao ni wageni waliokuwa wanangoja basi. Jana na leo wanaume hakuna, wanawake hawahesabiki. Ubao ni ule ule. Sielewi."

Nikamwangalia. Alikuwa na umri wa Pili wangu, amekuja mbali, na aliuliza kwa mdomo wa mtu anayetaka jibu. Ni kitu kidogo, lakini sikuwa nimekiona siku nyingi. Nikamvutia kigoda, nikamweleza yote: wakwe, rika, kichochoro, gunia la Nancy. Nikamweleza na habari ya Nguvu Kazi. Akafunika uso kwa daftari.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewafukuza."

"Ni wewe. Lakini usilie. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akaandika kurasa tatu. Mwishoni akaniuliza kama nilikwisha kumweleza mtu jambo hilo.

"Nimemweleza anayehusika."

"Mara ngapi, mama?"

Nikamwambia mara ngapi, na wakati gani. Hilo nalo akaandika. Juu ya karatasi akaweka namba kumi na nne.

Muksini, kwa kuwa mwandishi wa kweli hawezi kuacha uvumi ukizunguka, siku ya tatu akaandika kwa herufi kubwa: NGUVU KAZI HAIJARUDI. ANAYEKAA KWENYE KIGODA NI CHUO KIKUU. Habari ikafika Makwale kabla ya saa sita. Asubuhi iliyofuata wazee wanne walikuwa benchini, Mzee Ezroni ana malengelenge mikononi na anayaonyesha kwa kila apitaye. Na wanawake wakatoweka kama walivyokuja.

Muksini akaongeza mkia wa S. Hakuja mtu. Akaukunja mkia. Hakuja mtu. Akaandika wazee wanne kwa chaki nyekundu. Mzee Abdulwahab akatoka na futi kamba, akapima ukuta, upana na urefu. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Siku hiyo Muksini alikaa kitandani ameshika chaki mkononi, akaniuliza kama naona vidole vyake bado vinaweza kujifunza kushona. Moyo uliniuma, na papo hapo nilitamani kumpiga na mwiko, maana dawa alikuwa nayo mdomoni pamoja na mswaki.

Siku mbili baadaye Naomi akamaliza. Alisema chuo kitaandika kitabu chake baadaye, lakini watu waliojibu maswali wana haki ya kujua majibu kwanza. Akamkabidhi Mzee Abdulwahab nakala moja na Muksini nyingine, kurasa nne kwa mwandiko wa herufi kubwa, na nyuma yake kurasa mbili za mwandiko mdogo, zenye kichwa kisemacho KIAMBATISHO. Muksini alisoma zile nne. Ni mtu wa vichwa vya habari. Maandishi madogo humtia kizunguzungu.

Alinisomea wakati wa kula, amesimama.

"'Mtafiti anakiri,'" akasoma, "'kwamba kwa kukaa mbele ya ubao aliwafukuza wasomaji wa kudumu na kuharibu hesabu yake mwenyewe. Lakini kosa hilo ndilo lililowaonyesha wasomaji ambao ubao haukuwahi kuwa nao. Kwa maelezo ya mhojiwa namba 14, wanawake walioolewa hawapiti mbele ya wakwe zao. Tangazo halikukataliwa. Halikuonwa.' Mama Pili, umesikia? 'Halikuonwa.' Umewahi kulifikiria jambo hili?"

"Kidogo," nikasema.

"'Mtafiti anashauri benchi liachwe kwa heshima yake, ubao wa pili utundikwe kichochoroni, duka lifungue dirisha la nyuma, na kabla ya kuandika, mwandishi awaulize wanaopita hapo wanataka kujua nini.'" Akaziweka karatasi kifuani. "Huyu namba kumi na nne ni mtu aliyesoma. Ana kichwa. Huenda ni mwalimu wa sekondari. Au mke wa daktari."

"Huenda," nikasema, nikamwongezea mchuzi.

Kwa kuwa sasa jambo lilikuwa limetoka chuo kikuu, lilifanyika upesi. Mzee Abdulwahab alimwita fundi, ukuta wa nyuma ukatobolewa dirisha, ubao mpya ukapakwa rangi nyeusi ukatundikwa mita mbili kutoka kwenye jiko langu. Lakini ukabaki mtupu. Muksini hakuthubutu kuandika. Alitaka kwanza ampate namba kumi na nne awe mshauri wake. Akamwendea mwalimu wa sekondari, si yeye. Akamwendea mke wa mchungaji, si yeye, ila alipewa kipeperushi. Akamwendea muuguzi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anamtafuta mwanamke fulani kwa siri, na muuguzi akamshauri apime damu kwanza.

Mimi nilikaanga vitumbua vyangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Sikutaka avunjike guu, nilitaka achechemee kidogo.

Siku Naomi aliyopanga kuondoka alikuja kichochoroni kuniaga, na Muksini akamfuata mbio, koti mkononi. Wateja walikuwepo, Tusekile akiwa mmoja wao, na Nancy alikuwa kwenye gunia lake.

"Binti, nisaidie," Muksini akasema. "Namba kumi na nne ni nani?"

"Baba, jina la mhojiwa ni siri. Tuliahidi."

"Hata dalili moja?"

Naomi akanitazama mimi, akalitazama karai. "Dalili zipo kwenye kiambatisho, baba," akasema.

Muksini akakaa kwenye ukingo wa gunia la Nancy, akafunua kurasa za nyuma, akazisogeza mbali na macho. Kusoma kimyakimya hajui. Alianza kwa sauti yake ile ya taarifa ya habari.

"'Mhojiwa namba 14, mwanamke, hutengeneza na kuuza chakula. Alipoulizwa kama alikwisha kumweleza mtu yeyote, alijibu kwamba alimweleza mwandishi wa ubao mwenyewe mara tatu. Mara mbili wakati wa kula. Mara moja wakati mwandishi anapiga msw...'"

Akaishia hapo. Nancy akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Tusekile akatazama juu, kama anayetafuta mvua. Vitumbua sita viliungua na sikuvigeuza. Muksini akazikunja karatasi mara mbili, akaziweka mfukoni, akaondoka bila kunitazama.

Mchana hakuja kula. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo kwa siku nyingi, na lilipokuja sikulipenda. Kumchekea mume wako ndani ni kitu kimoja. Kumvua nguo mbele ya wateja ni kingine, na mimi nilikuwa nimenyamaza siku zote zile huku nikijua zitaishia wapi. Jioni alirudi, akala, akasema wali una chumvi ya kutosha, akalala. Sikujua kama nimesamehewa au nimeshitakiwa.

Kabla sijafika mwisho nikuondoe wasiwasi. Mzigo ulitoka wote, siku mbili kabla ya mwezi kuisha, kwa dirisha la nyuma, na uwakala ukabaki. Friji ilikuja pia, lakini iliwekwa ndani, na wazee wa benchi ndio wateja wake wakubwa. Nancy hakununa sana. Alihamia kwenye vitenge, akawa wa kwanza kuomba mstari wake ubaoni. Kitabu cha chuo sijakiona, ila Naomi alituandikia kwamba mwalimu wake alisoma habari ya benchi, akacheka, kisha akaagiza wanafunzi wote waanze kwa kuuliza wanawake wanapita wapi.

Sasa turudi kwenye asubuhi iliyofuata jioni ile ya wali. Nilifika na chungu changu cha unga nikakuta watu wamesimama mbele ya ubao mpya, wanawake watupu, mabeseni kichwani. Ulikuwa umeandikwa tangu juu. Muksini alikuwa pembeni, ana vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, anatazama miguu yake. Tusekile alikuwa anawasomea wasioona vizuri.

"'HABARI YA LEO. Namba kumi na nne amepatikana. Alikuwa hapa hapa. Alisema mapema, mara tatu, na mwandishi hakusikia kwa sababu alidhani anajua. Chuo kikuu kilisikia mara moja. Mwandishi anaomba radhi. Jina lake ni Habiba.'"

Wakatazamana.

"Habiba ni nani?" akauliza mmoja.

Hawakujua. Wanawake wanaokula vitumbua vyangu miaka yote, na hata Nancy ambaye tulikaa bega kwa bega, hakuna aliyelijua. Mtu aliyeandika majina ya maiti wote wa wilaya hii bila kukosea herufi alikuwa ameandika la kwangu, nikiwa hai, na S zote za habari ile alikuwa amezitia mkia.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilinitoka vibaya, nikasingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Muksini akasogea, ameshika kipande cha chaki kati ya vidole viwili.

"Chini pamebaki nafasi," akasema. "Habiba, niandike nini?"

Nikamwambia aweke sabuni, bei yake na dirisha lilipo, na wazee wanne awaache wapumzike. Akainama akaandika, neno kwa neno kama nilivyosema.